Muuguzi wa Kisale na Mashine Iliyoishiwa Nguvu

Mwaka ule kipindupindu kilipopanda tena kandokando ya Ziwa Kisale, mimi nilikuwa Kamina, nikifanya kazi katika shirika dogo la afya lililokuwa limepanga nyumba ya zamani karibu na reli. Kazi yangu ilikuwa kompyuta. Nilikuwa nimesomea Lubumbashi, nikarudi nyumbani baada ya baba kufariki kwa sababu sikutaka mama abaki peke yake. Wote wawili walikuwa walimu wa shule ya Kimethodisti, na katika mji wetu mtoto wa mwalimu hutarajiwa kukaa ofisini. Nami nilikaa.

Kila kituo cha afya cha ziwani na mtoni kilikuwa na simu moja iliyotoka kwa wafadhili. Muuguzi aliandika humo walioingia wakiugua, waliopona, waliokufa, na dawa zilizobaki. Simu ikipata rezo, yaani mtandao, ripoti ilisafiri hadi kwenye kompyuta yetu, na programu niliyokuwa nimeiunda iliisoma na kuiunganisha na ripoti za vituo vingine. Daktari wetu mkuu aliitazama picha ya eneo zima kila asubuhi, kisha akaamua serumu, maji ya dawa ya kutundika mshipani, ziende wapi. Serumu hazikutosha kamwe. Ukizipeleka Malemba-Nkulu, umewanyima watu wa Kinkondja, na kinyume chake. Kwa hiyo ile picha ya asubuhi haikuwa jambo la mchezo.

Asubuhi moja picha haikutokea.

Nilikuta kompyuta ina joto kama sufuria, feni yake inalia, na hakuna kitufe kinachoitika. Niliizima, nikaiwasha. Ilianza kusoma ripoti moja baada ya nyingine vizuri tu, halafu ikafika mahali ikaganda tena. Nilidhani ni umeme, maana tulitegemea paneli za jua na betri zilizozeeka. Haukuwa umeme. Nilidhani ni kumbukumbu ya mashine kuwa ndogo. Tuliazima kompyuta kubwa zaidi kwa majirani zetu, watu wa kanisa waliokuwa wakirekodi kwaya zao kwayo. Ile nayo ilijikaza kidogo, feni ikapanda sauti, kisha ikanyamaza.

Niliporudi kutazama kwa utulivu, nikaona kwamba mashine zote mbili zilikufia mahali pamoja, kwenye ripoti moja. Ilitoka kituo cha kijiji kimoja upande wa Kinkondja. Na jambo lililonishangaza ni kwamba haikuwa ripoti kubwa. Ilikuwa ndogo kuliko picha moja ya simu. Mashine iliyoweza kusoma ripoti za mwaka mzima ilishindwa na karatasi moja, kama mtu mwenye afya aliyekabwa na mwiba wa samaki.

Nilimweleza daktari. Alikuwa mtu wa Kamina kama sisi, mzee wa kanisa, mwenye sauti ya chini na hasira ya chini pia, ambayo uliiona tu katika jinsi alivyokaza mikono juu ya meza. Aliniambia niiweke kando ripoti ile ili kazi iendelee. Niliiweka kando, na picha ikarudi, lakini ikiwa na tundu: kijiji kile hakikuonekana. Kesho yake ikaja ripoti nyingine kutoka simu ileile, na mashine ikafa tena.

Wakati huo maneno yalikuwa yameshaanza ofisini. Mwenzetu wa ghala alisema ni virusi, kwamba muuguzi yule amewaachia wanawe simu ya kazi wapakue michezo. Mwingine alisema labda analipwa na watu wasiotaka hesabu za wagonjwa zijulikane. Hakuna aliyekuwa na ushahidi, lakini kila mtu alikuwa na maelezo. Daktari aliamua mambo mawili. Tupige simu kijijini kila tutakapoweza ili tupate habari kwa mdomo, na muuguzi apande Kamina na simu yake, atueleze anachokifanya.

Nilijua safari hiyo ni ya namna gani. Atatoka kijijini kwa mtumbwi, atafuata Lualaba hadi Bukama, na kutoka hapo atangoja treni kama ipo, au atapanda pikipiki kwenye barabara inayokutoa meno. Na kule nyuma angeacha wagonjwa mikononi mwa msaidizi mmoja. Nilisema hivyo. Daktari alinisikiliza hadi mwisho, akasema kwamba vijiji vingine vyote navyo vina wagonjwa, na mashine moja ndiyo inayovihesabu. 

Alifika kwa treni, mchana. Nilikwenda kumpokea stesheni. Nilitarajia kumwona kijana, sijui kwa nini. Akashuka mama wa makamo, mwembamba, kitambaa kichwani, rozari shingoni, koti la uuguzi amelivaa juu ya kitenge kana kwamba anataka watu wajue mara moja kwamba amekuja kwa kazi. Simu ameifunga katika plastiki, plastiki ameifunga katika kitambaa, na kitambaa amekishika kwa mikono miwili.

Nilimsalimu na kumwita mama. Aliitikia, akanitazama, akauliza kwa Kiswahili chetu cha huku:

"Weye njo wa mashini?"

Nilisema ndiyo, mimi ndiye mtu wa mashine.

"Bananifukuza?"

Nilimwambia sijasikia habari ya kumfukuza mtu. Hakuonekana kuamini. Njiani, juu ya pikipiki mbili zilizotupeleka nyumbani, alikikumbatia kile kitambaa chenye simu.

Alilala kwetu. Mama yangu ndiye aliyeshikilia hivyo, alipojua kwamba ofisi ilikuwa imempangia chumba katika nyumba ya wageni isiyo na maji. Mama alimpikia bukari, ugali wetu wa huku, na sombe ya majani ya muhogo, akamsukumia bakuli mara mbili, na hakumuuliza lolote kuhusu mashine. Alimuuliza habari za ziwa. Muuguzi alilegea kidogo. Alieleza kwamba kituo chao kiko karibu na vichanja vya kukaushia samaki, kwamba mvua ikizidi maji yanaingia hadi mlangoni, na kwamba rezo haipatikani kituoni. Lazima upande kichuguu kilichoko nyuma ya kanisa, au uingie katika mtumbwi hadi katikati, mbali na mafunjo, ambako simu inashika kidogo. Mara nyingi yeye huchagua kichuguu kwa sababu mtumbwi una mwenyewe na lazima umwombe.

Mama yangu aliomba kabla ya kulala, sala ndefu ya Kimethodisti inayotaja kila mtu. Mgeni wetu alimaliza kwa ishara ya msalaba. Mama hakulijali hilo, na nilimpenda kwa kutolijali.

Asubuhi tuliketi watatu katika chumba cha daktari. Alimwuliza muuguzi maswali yake kwa Kifaransa kwanza, kisha akaona anamtisha, akahamia Kiswahili. Alimwuliza kama kuna mtu mwingine anayeitumia simu. Hakuna. Kama amewahi kuweka kitu kingine ndani yake. Hajui hata namna ya kuweka. Kama aliona jambo lolote lisilo la kawaida. Muuguzi alifikiri, akasema simu imekuwa nzito. Zamani ilituma upesi, siku hizi inachukua muda.

"Unatuma mara ngapi?" daktari aliuliza.

"Namna bagonjwa banabadilika," alijibu.

Mimi na daktari tulitazamana. Ripoti ilitakiwa mara moja kwa juma. Daktari alimwomba anionyeshe mimi, hatua kwa hatua, jinsi anavyofanya, akatuacha.

Tuliketi barazani kwenye mwanga. Alifungua simu kwa uangalifu, akanionyesha ripoti ya juma. Hakuanza mpya. Aliigusa ile ya zamani, na pale juu palikuwa na kitufe kilichoandikwa "rekebisha". Alikibonyeza, akaniambia kwamba hapa ndipo anapofanya kazi yake. Mtu akiingia, anarekebisha. Mtu akipona akarudi kwake, anarekebisha. Nilimwuliza kwa nini asingoje mwisho wa juma aandike yote kwa pamoja, kama wenzake.

Aliiweka simu mapajani. Halafu akasimulia habari ya mvuvi mmoja. Aliletwa kituoni na nduguze, amekauka, macho yameingia ndani, naye muuguzi akamwandika miongoni mwa wagonjwa, akapanda kichuguu, akatuma. Serumu zilizobaki zilikuwa chache mno. Alimpa alichoweza kumpa. Mvuvi alikufa siku iliyofuata, wakati wa joto, mke wake amemshika miguu. Muuguzi aliosha mikono, akapanda kichuguu tena.

"Muntu akishakufa, siwezi kumuacha kwa bagonjwa," alisema. "Bote batasema angali muzima. Na ile dawa yake bataihesabu kama iko mu mwili yake. Haiko kweli. Njo nikarekebisha."

 Nilimwambia pole. Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kunionyesha vitufe.

Wakati huo ndipo nilipoelewa, si yote, lakini mlango ulifunguka. Niliichomeka simu yake kwenye kompyuta yangu ndogo, nikaifungua ripoti kama maandishi matupu, bila kuiachia programu yangu iisome. Ile programu ya simu, iliyotengenezwa na watu nisiowajua, haikufuta ripoti ya zamani ulipobonyeza kurekebisha. Iliichukua nzima na kuifungia ndani ya ripoti mpya. Ukirekebisha tena, ile mpya nayo inafungwa ndani ya nyingine. Wauguzi wengine walirekebisha mara moja au mbili, haikuonekana. Mama huyu alirekebisha kila mara maisha ya mtu yalipogeuka, na kipindupindu kilikuwa kimekaa kijijini kwake. Ripoti yake ilikuwa kama chikwange, mkate wa muhogo, iliyofungwa jani juu ya jani juu ya jani, hadi chakula chenyewe kiko mbali sana.

Lakini majani peke yake hayaui mashine. Nilitumia siku hiyo yote na iliyofuata kutafuta kwa nini. Kama waandishi wote wa programu, sikuwa nimeandika kila kitu mwenyewe. Kwa kazi ya kuchambua maandishi yanayoingia, nilikuwa natumia kifurushi cha programu kilichoandikwa na watu wengine na kuachwa wazi kwa kila mtu, kile tunachokiita maktaba. Maktaba hiyo inatumiwa duniani kote. Nilifungua maandishi yake, nikayafuata mstari kwa mstari nikiwa na ripoti ya ziwani mkononi.

Kosa lenyewe lilikuwa rahisi tu. Kila ilipokuta jani, maktaba ile haikujua kama ndani mna orodha au mna ripoti nyingine. Basi ilijaribu njia ya kwanza hadi mwisho kabisa, ikagundua si hiyo, ikarudi, ikajaribu ya pili, pia hadi mwisho. Na ndani ya kila njia ilikuta jani jingine, ikafanya vilevile. Kwa hiyo kila jani moja lililoongezeka liliifanya kazi yote kuwa mara mbili, na kila jaribio iliendelea kulishika kichwani bila kulitupa. Majani machache, hakuna anayeona. Yakizidi, hakuna kompyuta duniani yenye kumbukumbu ya kutosha. Hakuna aliyeiwekea mpaka wa kusema: ndani zaidi ya hapa siendi.

Nilimweleza muuguzi kwa maneno hayohayo ya chikwange. Alisikiliza, akauliza swali moja tu: je, yeye ameharibu?

"Hapana, mama," nilisema. "Weye ulifanya kazi."

Nilikwenda kwa daktari. Nilimwonyesha majani, nikamweleza habari ya kurudia njia mara mbili. Alielewa upesi kuliko nilivyotarajia. Kisha nikamweleza kwa nini mama yule alirekebisha mara nyingi hivyo, pamoja na habari ya mvuvi. Daktari aliondoa miwani. Alisema, polepole, kwamba katika semina aliyowafanyia wauguzi wote mwanzoni mwa mradi, yeye mwenyewe aliwaambia kwamba hesabu iwe ya kweli saa zote, si ya kweli siku ya kuituma tu. Alikumbuka aliyasema hayo amesimama, kwa mkazo. Aliifuta miwani ingawa ilikuwa safi.

"Mmoja alinisikia," alisema.

Alitoka kwenda barazani alikokuwa ameketi mama yule. Sikuyasikia yote waliyozungumza, wala sikutaka kuyasikia. Nilimwona daktari ameketi kwenye benchi kando yake, jambo ambalo hakulifanya na watu wa ofisini, na nilimwona mama akizungumza kwa mkono mmoja, akionyesha kina cha kitu, labda maji mlangoni. Muuguzi alipoondoka siku iliyofuata alikuwa na makasha ya serumu, yale yaliyokuwa yamepangwa kwenda kwingine na ambayo daktari aliyabishania asubuhi nzima kwenye simu. Mama yangu alimfungia karanga na mkate. Stesheni, muuguzi aliniambia "wafwako", asante kwa Kiluba, akapanda bila kugeuka nyuma.

Kwetu dawa ilikuwa rahisi. Niliweka mpaka katika programu yetu: ripoti ikiwa na majani mengi kuliko kiasi fulani, soma la nje tu, lenye habari mpya, na mengine yaache. Picha ya asubuhi ilirudi nzima, kijiji kile kikiwamo. Lakini sikupata amani. Maktaba ile ilikuwa inatumiwa na watu nisiowajua, katika hospitali, benki na viwanja vya ndege. Mama mmoja juu ya kichuguu aliweza kuzima kompyuta mbili bila kukusudia. Mtu mwenye kukusudia angeweza nini? Angetuma maandishi madogo kuliko picha ya harusi, na mji fulani ungeamka bila hospitali yake kujua wagonjwa wake wako vitanda gani.

Daktari aliuliza kama tutangaze. Nilimwambia hapana, si bado. Ukitangaza kabla ya kurekebishwa, umemwonyesha mwizi mlango ulio wazi. Desturi ya watu wa kazi hii ni kumwandikia mwenye maktaba peke yake, kwa siri, na kumpa nafasi ya kuziba. Akasema hiyo ni desturi nzuri, niifuate.

Nilimwandikia mwenye maktaba. Alikuwa mtu mmoja, nchi ya mbali, ambaye jina lake lilikuwa chini ya kila ukurasa. Nilieleza kosa kwa adabu, nikamwambatanishia ripoti ya mfano niliyoiunda, yenye majani matupu bila habari ya mgonjwa yeyote. Jibu lilikuja upesi, na lilikuwa fupi. Aliandika kwamba hakuna mtu anayeandika maandishi ya namna hiyo katika maisha ya kawaida, kwamba mfano wangu ni wa kubuni, na kwamba anaifunga hoja.

Nakiri nilikasirika. Nilitembea hadi sokoni na kurudi. Mama yangu aliniuliza kuna nini, nikamweleza, naye akasema kama anavyosema mwalimu: yule bwana hajui, basi mfundishe. Usimgombeze.

Niliketi nikaandika tena. Sikuongeza habari ya kompyuta hata moja. Nilimweleza kwamba maandishi ya namna hiyo yanaandikwa kando ya Ziwa Kisale na muuguzi anayepanda kichuguu kutafuta rezo. Nilimweleza kwa nini anarekebisha. Sikumtaja kwa jina, wala kijiji chake, ila habari ya mvuvi nilimweleza, na ya mke aliyeshika miguu.

Kimya kilikuwa kirefu hadi nikadhani nimeharibu kabisa. Kila asubuhi nilifungua barua nikiwa na hofu ya aina mbili, kwamba hajajibu, au kwamba mtu mwingine mahali fulani ameligundua kosa lilelile na kulitumia.

Lilipokuja, jibu lilikuwa refu. Alianza kwa kuomba radhi. Alisema aliiandika maktaba ile akiwa kijana, kwa ajili ya kazi ndogo ya shule, akaiacha wazi, na watu wakaichukua. Sasa kampuni kubwa zinaitegemea, nazo humwandikia kwa ukali kila inapokosea, na hakuna hata moja iliyowahi kumpa msaidizi. Anaitunza baada ya kazi yake ya mchana, watoto wakishakula. Siku nilipomwandikia mara ya kwanza alikuwa amepokea malalamiko mengi mengine, mengi yakiwa ya uongo, ya watu wanaotafuta sifa, na alikuwa amechoka kiasi cha kutosoma hadi mwisho. Alisema barua ya pili aliisoma hadi mwisho, kisha akamsomea mkewe. Aliomba nimpe muda na nisiseme kwa mtu.

Nilimpa. Tulifanya kazi pamoja, yeye kule, mimi hapa, tukipishana kwa saa na kwa umeme. Yeye alileta suluhisho la kwanza. Mimi nililijaribu kwa mafurushi ya majani nikakuta mahali linapovuja. Akaleta la pili. Alikuwa mpole na mwenye subira, na alikuwa na tabia ya kuuliza mvua imenyesha au la, kwa kuwa alishajua kwamba mawingu mazito yalimaanisha betri zetu hazitajaa na jibu langu litachelewa. Suluhisho la mwisho lilikuwa jepesi: maktaba ikumbuke ilichokwisha kukisoma isikirudie, na iwe na mpaka wa kina ambao mtumiaji anaweza kuubadilisha.

Alipokaribia kulitoa kwa watu wote, aliniuliza aandike jina la nani kama mgunduzi, maana hiyo pia ni desturi. Nilisema nitamwuliza muuguzi. Nilimpigia mara nyingi hadi nikampata kichuguuni. Upepo ulikuwa ukivuma katika simu. Nilimweleza kwamba kosa limezibwa, kwamba watu wa nchi nyingi watakuwa salama zaidi, na kwamba jina lake linaweza kuandikwa hapo.

Alicheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Batu ba hapa batasema niko ule mama mwenye aliua mashini. Andika yako."

Sikuandika langu. Tuliandika tu kwamba kosa lilionekana katika kazi ya afya, katika kijiji cha ziwani, na kwamba shukrani ziwaendee wauguzi. Tangazo lilitoka, kampuni zile kubwa zikabadilisha maktaba zao kimyakimya, na hapakuwa na habari ya mji wowote uliozimwa. Kampuni moja ilimwandikia mwenye maktaba ikimlaumu kwa usumbufu wa kubadilisha. Alinitumia barua hiyo bila kuongeza neno. Baadaye alitafuta wenzake wa kumsaidia, tukajitokeza watatu, na hadi leo mimi husoma malalamiko yanayoingia, yale ya uongo na yale ya kweli, na kumpelekea yanayostahili. Ananiambia siku hizi anakula pamoja na wanawe.

Kipindupindu kilipungua maji yaliposhuka. Si kwa sababu yetu. Kina majira yake. Lakini vifo vya kijiji kile baada ya makasha yale vilikuwa vichache kuliko nilivyoogopa, na nilivijua kimoja kimoja, kwa kuwa muuguzi hakuacha kurekebisha.

Nilikwenda huko mwenyewe msimu uliofuata, kuweka programu mpya katika simu za vituo vya ziwani. Nilifika kwa mtumbwi wa mashine, miguu imelowa, begi la kompyuta kichwani. Vichanja vilijaa samaki na harufu yake ilikuwa imeshika kila kitu. Nilimkuta kituoni ameinama juu ya mtoto mchanga aliyeletwa na homa, mama mzazi ameketi chini akimtazama usoni kila alipovuta pumzi. Muuguzi aliinua macho, akanitambua, akatikisa kichwa kidogo kunisalimu, lakini hakuacha alichokuwa akikifanya.

Nilisimama mlangoni na begi langu. Baada ya muda alisema, bila kunitazama, kwamba ndoo ya maji ya klorini ni tupu na kisima kiko nyuma. Niliweka begi juu ya benchi, nikavua viatu, nikaichukua ndoo.